Muuaji Akishajieleza, Hofu Imeisha

Wasee wa muvi za kutisha, leo nawakanyaga vidole. Najua wengi wenu mmependa The Strangers mpya, zile sehemu ambazo Renny Harlin alianza kutuletea 2024. Na sababu yenu naijua: ati hatimaye tumeelezwa wale watu wa vinyago ni akina nani na walitoka wapi. Mimi nasema hapo ndipo walipoiua. Muvi ya watu kuvamiwa nyumbani ikianza kukueleza muuaji alilelewaje, hiyo si ya kutisha tena. Hiyo ni faili ya polisi yenye muziki.

Turudi kwa ile ya kwanza, ya 2008, ya Bryan Bertino. Stori yake ni fupi, unaweza kuimaliza kabla matatu haijatoka steji. Kristen (Liv Tyler) na James (Scott Speedman) wanatoka harusini usiku na kufika kwenye nyumba ya mapumziko ya familia ya kina James. Hawaongei fiti, kwa sababu jamaa ameomba ndoa na dem amekataa. Usiku wa manane mlango unabishwa. Msichana amesimama gizani, anauliza kama Tamara yuko. Hakuna Tamara hapo. Anaenda zake. Halafu anarudi.

Kuna sehemu moja kila shabiki anaikumbuka. Kristen yuko peke yake ndani ya nyumba. Nyuma yake, polepole, anatokea jamaa aliyevaa gunia kichwani. Hakuna muziki wa kukushtua. Jamaa hapigi kelele, hakimbii. Anasimama tu akimwangalia, halafu anapotelea gizani, na Kristen hajui kitu. Wewe ndiye unajua. Umeachiwa huo mzigo uubebe peke yako.

Mwishoni kumekucha, wawili hao wamefungwa kwenye viti, na Kristen anauliza mbona wanafanyiwa hivi. Jibu analopewa ni kwamba walikuwa nyumbani. Basi. Wavamizi wanavua vinyago, na kamera inakataa kutuonyesha sura zao.

Jibu hilo ndilo muvi nzima, jameni. Fikiria. Muuaji akitaka pesa, wewe unajiambia mimi sina pesa, siko kwenye hatari. Akiwa analipiza kisasi, unajiambia mimi sijamkosea mtu. Kila sababu ni mlango wa nyuma ambao mtazamaji anatorokea. Bertino alizunguka nyumba akaifunga yote. Huwezi kusema "mimi singefanya hivyo", kwa sababu kitu pekee walichofanya ni kuwa nyumbani, na hapo ulipo sasa hivi pengine wewe pia uko nyumbani.

Na chimbuko lake ni la kweli. Bertino amesimulia kwamba alipokuwa mtoto mtu alibisha kwao akiuliza mtu ambaye hakai hapo. Baadaye ikajulikana kuna watu walikuwa wakibisha milango mtaani, na pale hapakuwa na mtu, wanavunja na kuiba. Sasa cheki alichofanya. Katika maisha yake, kuwa nyumbani ndiko kulikomwokoa. Katika muvi, akageuza: kuwa nyumbani ndiko kunakokumaliza. Kwetu mtu akipiga hodi anajibiwa karibu, na tumelelewa tukiambiwa mgeni njoo mwenyeji apone. Muvi hii inachukua hiyo hodi na kuitia sumu. Iligharimu karibu dola milioni 9 na ikaingiza zaidi ya milioni 80 duniani. Watu waliielewa bila kuelezwa chochote.

Sasa njoo kwa Harlin. Huyu si mgeni kwenye kazi, ndiye alifanya A Nightmare on Elm Street 4 (1988) na Die Hard 2 (1990). Lakini alipewa sehemu tatu azijaze, zote zikapigwa kwa mpigo huko Slovakia ikijifanya Oregon, Marekani. Sehemu ya kwanza ni ile ya 2008 iliyopashwa moto: Maya na Ryan badala ya Kristen na James, mlango uleule, swali lilelile la Tamara. Sehemu ya pili, 2025, Maya amenusurika na anawindwa, hadi anapambana na nguruwe mwitu. Nguruwe, wasee. Hata huyo ningemsamehe. Kisichosameheka ni kuturudisha utotoni mwa wauaji, na hata jina la Tamara kupewa historia yake. Jina ambalo lilitisha kwa sababu halikuwa na mtu, sasa lina mtu. Imebaki nini cha kuogopa?

Hili kosa si jipya. Michael Myers wa Halloween ya 1978 alitisha kwa sababu John Carpenter hakutupa sababu. Mtoto ameua dada yake, daktari mwenyewe hana cha kusema ila kwamba huyu ni uovu mtupu. 2007 Rob Zombie akairudia na kutupeleka nyumbani kwao: familia mbovu, kudharauliwa shuleni, na kadhalika. Ukitoka hapo unamwonea Michael huruma. Kumwonea muuaji huruma si dhambi, lakini usiniambie bado unamwogopa vilevile.

Kuna watakaosema mimi napenda vinyago tu. Hapana. Kwenye Hush ya Mike Flanagan (2016), muuaji anavua kinyago mapema kabisa, unaona sura yake, ni jamaa wa kawaida. Anamzingira Maddie, mwandishi kiziwi anayeishi peke yake msituni, na hakuna mahali tunaambiwa anamtakia nini. Sura tunayo, sababu hatuna, na bado unakaa ukingoni mwa kochi. Na kwenye Funny Games ya Michael Haneke (1997), baba anapouliza mbona, kijana mmoja anatoa stori moja baada ya nyingine kuhusu maisha magumu ya mwenzake, zote uongo. Haneke anakucheka wewe unayesubiri maelezo.

"Lakini Scream inaeleza!" Ndiyo, kwa sababu Scream ni fumbo, toka mwanzo unaulizwa ni nani, kwa hivyo lazima ujibiwe. The Strangers haikuwahi kukuuliza ni nani. Na kama unataka kila kona ya muvi ielezwe, DJ Afro yupo na kazi yake anaifanya vizuri kuliko Harlin.

Sasa mbona nachemka hivi kwa sababu ya muvi? Kwa sababu hii njaa ya kutaka sababu tunayo hata skrini ikizimwa. Januari 2024 wanawake waliuawa hapa Kenya, mmoja baada ya mwingine, wengine kwenye nyumba za kukodi za usiku mmoja. Mlikuwa mtandaoni, mliona. Swali lililosambaa haraka halikuwa nani ameua. Lilikuwa: alienda kufanya nini huko? Mbona alimwamini? Nani alimwambia avae vile? Ilibidi watu wajae barabarani Nairobi na miji mingine tarehe 27 mwezi huo ndipo wengine waelewe kwamba aliyeuawa si mshtakiwa.

Sisemi muvi ni sawa na maisha. Katika maisha, anayeua mwanamke mara nyingi ni mtu anayemjua, si mgeni wa kinyago, na polisi lazima watafute sababu, hiyo ni kazi yao. Nasema juu yetu sisi watazamaji. Tukiuliza marehemu alifanya nini, hatutafuti haki. Tunatafuta kosa lake ili tujiambie sisi hatulifanyi, halafu tulale. Ni ule mlango wa nyuma tena.

Muvi ya 2008 inakataa kukupa huo mlango. Kristen alikataa ndoa, alivuta sigara, alikuwa na huzuni, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyomfanya astahili kisu. Wauaji walichagua kuua. Hapo ndipo lawama inaisha.

Kwa hivyo endeleeni kumshangilia Harlin kwa kutufafanulia. Mimi leo usiku nazima taa na kurudia ile ya Bertino, na mlango umefungwa mara mbili.