Kura ya Deni la Mji

Wako wenzetu, na si wachache, wasemao ya kwamba mambo ya fedha za mji si mambo ya kuulizwa watu wote. Husema: deni, riba na kodi ni kazi ya wahasibu na wanasheria, mtu wa kawaida hana nafasi ya kuyasoma, na akiulizwa atajibu kwa tumbo lake tu. Sisi tumeshika kalamu kuyapinga maneno hayo. Na kwa kuwa haifai kubishana juu ya jambo lisilojaribiwa, tutaitazama nchi ambayo watu wake wameulizwa maswali ya namna hiyo kwa zaidi ya miaka mia, yaani Marekani. Hatuendi huko kusifu. Yako mema tutakayoyaonyesha, na yako mengine ambayo karani ye yote aliyepata kufunga hesabu ya mwezi atayasoma akitikisa kichwa.

Kwanza tueleze desturi yenyewe. Siku ya uchaguzi Mmarekani hapewi majina ya watu tu. Katika karatasi ile ile, au siku nyingine iliyowekwa makusudi, huulizwa na mji wake, au wilaya yake, au bodi ya shule za mahali pake: Je, tukope fedha kadha wa kadha tujenge shule? Je, tuongeze kodi hii? Je, tubadili kifungu hiki cha katiba ya mji? Naye hujibu ndiyo au la, basi. Mkopo hufanywa kwa kuuza hati za deni, ziitwazo siku hizi hatifungani: mwenye fedha hununua hati, mji hujenga, kisha mji humrudishia fedha zake pamoja na riba kwa muda wa miaka 20 au 30. Hati ziletwazo mbele ya wapiga kura mara nyingi ni zile ambazo dhamana yake ni kodi ya majengo na ardhi. Mlipaji ni mwenye nyumba. Na mpangaji naye hulipa pasipo kujua, ndani ya kodi ya chumba chake. Ama katiba ya mji, hiyo ni sheria kuu ya mji wenyewe, isemayo meya ana nguvu gani, baraza lina wajumbe wangapi, na mamlaka ya mji yaishia wapi.

Sasa twende Atlanta, mji mkuu wa jimbo la Georgia. Habari zake za siku zile hazijulikani sana kwetu, nasi tungependa kila mwanachama azijue. Baada ya Vita Kuu ya kwanza mji ule ulikuwa na shule za sekondari kwa watoto wa Kizungu, wala haukuwa na hata moja kwa watoto Weusi, ingawa wazazi wao walilipa kodi. Shule zao za chini zilijaa hata watoto wakasoma kwa zamu. Maombi yalipelekwa kwa wakubwa, na wasomaji wetu wajua maombi ya namna hiyo huishia katika faili gani.

Uchaguzi nao ulikuwa umewafungia mlango. Sheria za Georgia za mwaka 1908 zilikuwa zimewaondoa wengi katika daftari ya wapiga kura. Palikuwa na kodi ya kichwa iliyopasa kulipwa kwanza pamoja na malimbikizo yake, nayo haikufutwa mpaka 1945. Na uteuzi wa wagombea wa chama cha Democratic, ambao ndio uliokuwa uchaguzi wa kweli katika nchi ile, ulikuwa wa Wazungu peke yao. Lakini mlango mmoja ulisahauliwa wazi. Kura ya deni la mji haikuwa uteuzi wa chama. Mtu Mweusi aliyelipa kodi zake na kuandikishwa aliweza kuingia na kusema la. Tena sheria ilitaka wingi mkubwa kupita wa kawaida, uliopimwa pia kwa hesabu ya walioandikishwa, hata mtu aliyejiandikisha kisha akakaa nyumbani siku ile aliwapunguzia nguvu waliotaka mkopo.

Tawi la NAACP la mji huo, ndicho chama cha kutetea haki za watu Weusi, likaiona nafasi hiyo. Watu wakahimizwa kulipa malimbikizo na kujiandikisha, na katika mwaka 1919 mipango ya mji ya mkopo ikashindwa. Wakubwa wa mji wakaelewa. Mwaka 1921 swali likaletwa tena, safari hii pamoja na ahadi ya shule ya sekondari kwa watoto Weusi. Kura zao zikaenda upande wa ndiyo, na mkopo ukapita. Booker T. Washington High School ikafunguliwa mwaka 1924. Katika miaka ya 1940 mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Martin Luther King.

Twaomba msomaji alipime jambo hili. Watu wale hawakuwa na mjumbe wao katika baraza la mji siku zile, wala hawakuwa na neno katika kumchagua meya. Walichokuwa nacho ni swali moja kavu juu ya hati za deni, ambalo msomi angaliweza kulipita bila kulitazama. Kama fedha zile zingaliamuliwa na wahasibu peke yao, twadhani hesabu ingalikuwa sahihi kabisa, na shule isingalijengwa.

Hata hivyo hatutaki kuuficha upande wa pili, maana watu wakiulizwa swali bovu hutoa jibu bovu. Huko Poway, karibu na San Diego katika California, bodi ya shule ilipata mwaka 2008 kibali cha wapiga kura kukopa dola milioni 179, nayo iliahidi kwamba kiwango cha kodi hakitapandishwa. Ahadi iliwapendeza watu, na bodi ikataka kuishika. Na hapo ndipo ubaya ulipoingia. Mwaka 2011 bodi ikakopa dola milioni 105 kwa hati ambazo hazilipwi cho chote, wala riba wala mtaji, kwa muda wa miaka 20 hivi. Riba ikawa yazaa riba. Jumla ya kulipwa, hata deni liishe mwaka 2051, yakaribia dola milioni 1,000, yaani zaidi ya mara tisa ya fedha zilizopokewa. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza mwaka ule wa 2011 atakuwa amepita miaka 40 siku ya malipo ya mwisho. Wazee husema dawa ya deni kulipa. Mabwana wale walipata dawa nyingine, ya kumwachia mtoto. Mwaka 2013 jimbo lilitunga sheria kwamba kwa hati za namna hiyo jumla ya malipo isizidi mara nne ya mkopo, wala muda usipite miaka 25. Sisi twaona hata mara nne ni nyingi.

Wenzetu watasema: mwaona, watu hawajui. La, mabwana. Watu waliulizwa juu ya kiasi cha mkopo na kiwango cha kodi, wakajibu juu ya hayo. Hawakuulizwa jumla italipwa ngapi, wala nani atailipa. Walioamua namna ya hati zile hawakuwa wapiga kura; walikuwa wajumbe wa bodi, wakishauriwa na mabingwa wao wa fedha, yaani watu wale wale ambao twaambiwa tuwaachie kazi yote.

Liko shauri jingine ambalo Wamarekani wenyewe hawajapatana: kura ngapi zatosha? Katiba ya California ya 1879 ilitaka theluthi mbili kwa deni la mji. Mwaka 1978 watu wa jimbo wakapitisha Pendekezo la 13, lililofunga kodi ya majengo isipite asilimia 1 ya thamani, na thamani hiyo isipandishwe zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka nyumba iuzwe. Na kodi za mji zilizotengwa kwa kazi maalumu nazo zikatakiwa theluthi mbili. Maana yake ni kwamba mtu mmoja asemaye la ana uzito wa wawili wasemao ndiyo. Hatulikatai sharti la wingi mkubwa, kwa sababu deni la miaka 30 huwafunga hata wasiozaliwa, tena watu wa Atlanta waliupata uzito wao kwa sharti la namna hiyo. Lakini theluthi mbili ni mlima mrefu mno kwa paa la shule au kituo cha zimamoto. Njia ya katikati ilipatikana mwaka 2000, Pendekezo la 39 liliposhusha kiwango kwa mikopo ya shule hata asilimia 55, kwa masharti kwamba orodha ya kazi itangazwe kabla ya kura, na kamati ya raia iangalie matumizi, na hesabu zikaguliwe kila mwaka. Masharti hayo yatupendeza kuliko asilimia yenyewe. Novemba 2024 iliombwa asilimia 55 hiyo hiyo kwa mikopo ya nyumba za watu wenye kipato kidogo na kazi nyingine za miji. Wapiga kura wa jimbo wakakataa.

Kwa kubadili mipaka na katiba ya mji twataka tahadhari kubwa zaidi, maana deni lina mwisho. Mwaka 1876 watu wa St. Louis, katika jimbo la Missouri, walipiga kura juu ya kuutenga mji na wilaya yake. Wenye mji waliona kwamba kodi zao zatumiwa na watu wa mashamba. Hesabu ya kwanza ilionyesha kwamba shauri limeshindwa. Likapelekwa mahakamani, zikaonekana kura za udanganyifu, na mwisho ikaamuliwa kwamba limepita. Mpaka uliowekwa wakati ule ndio uliopo hata leo. Watu wenye mali walipohamia ng'ambo yake, kodi zao zilihama nao. Mwaka 1950 mji ulikuwa na watu 856,796. Mwaka 2020 ulikuwa na watu 301,578, na wilaya iliyotengwa ilikuwa na zaidi ya milioni moja. Hatusemi kwamba mpaka ndio sababu peke yake. Lakini wapiga kura walipoletewa mipango ya kuunganisha, 1926 na tena 1962, waliikataa. Wale wa 1876 walikuwa wakiokoa kodi ya miaka michache.

Hoja ya wenzetu iliyo na nguvu ni wingi wa maswali. Novemba 2024 mpiga kura wa San Francisco alikuta maswali 15 ya mji, tangu herufi A hata O, na juu yake 10 ya jimbo. Mawili kati ya yale ya mji, D na E, yalihusu jambo moja, yaani kupunguza kamati nyingi za mji, nayo yalishindana. E likapita na D likaanguka. Mtu atokaye kazini jioni atayasoma yote saa ngapi? Sisi twaona kosa ni la waandikao. Sheria ya California huweka maneno 75 tu kwa swali la mji katika karatasi ya kura. Tangu mwaka 2018 swali la kodi au la deni lapasa kutaja kiwango, fedha zitakazopatikana kila mwaka, na muda. Vema. Lakini jumla ya kulipwa, mtaji pamoja na riba, huandikwa katika kijitabu kipelekwacho kwa wapiga kura, ambacho wengi hukitia kapuni pamoja na matangazo ya duka. Tungeomba jumla hiyo ihamishwe kutoka kijitabuni iwekwe katika swali lenyewe, kando ya kiasi cha mkopo. Ni tarakimu moja, na katika maneno 75 nafasi yake haikosi.

Wenzetu wenye fikira nyingine na waandike kabla ya toleo lijalo.