Kila Nyumba Iwe na Siku Zake

Taifa letu lina siku zake. Tarehe 12 Januari tunakumbuka Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964. Tarehe 26 Aprili tunakumbuka Muungano wa mwaka ule ule. Tarehe 14 Oktoba tunamkumbuka Mwalimu Nyerere, aliyefariki mwaka 1999. Tarehe 9 Desemba tunakumbuka Uhuru wa Tanganyika wa mwaka 1961. Siku hizo zikifika, mtoto huuliza, "Mbona leo hakuna shule?" Mzazi humweleza. Kwa njia hiyo mtoto hujua nchi yake imetoka wapi.

Je, nyumba zetu nazo zina siku zake? Nyingi hazina. Maoni yangu ni kwamba kila nyumba inafaa iwe na siku chache za mwaka zilizo zake yenyewe, na izitunze. Jambo hili si anasa. Ni la lazima, hasa kwetu sisi tunaoishi kando ya ziwa.

MAISHA YA KIRUMBA

Tazama maisha ya Kirumba, hapa Mwanza. Watu wake wametoka sehemu nyingi. Wako Wasukuma, Wakerewe, Wajita, Wahaya, Wajaluo na wengine. Wengi walikuja kutafuta riziki ziwani, au katika soko la Mwaloni, ambako dagaa na samaki wakavu huuzwa. Wanunuzi hutoka hata nchi za jirani.

Mara nyingi baba yuko kambini kisiwani. Mama yuko sokoni tangu alfajiri. Bibi yuko kijijini, mbali. Kila mtu anatafuta, na kutafuta si kosa. Lakini mtoto anakua bila kumjua bibi yake. Hajui babu aliitwa nani, wala kaburi lake liko wapi.

Siku baba akipata ajali ziwani, hasara inakuwa mara mbili. Watoto wamempoteza baba, tena hawajui waende kwa nani. Ndugu wa baba nao hawawajui watoto. Jamaa imekatika kama wavu uliokatika kamba.

WAZEE WALIFANYAJE?

Wazee walikuwa na siku zao bila kalenda ya karatasi. Katika Usukuma, jioni watu walikaa shikome, yaani penye moto wa kuota. Hapo vijana walisikia habari za ukoo, hadithi na mafumbo. Mavuno yakiisha, ngoma zilianza. Mpaka leo sherehe za ngoma za Bulabo hufanyika Bujora, Kisesa, mwezi wa Juni. Vyama vya Bagika na Bagalu hushindana kucheza.

Hata majina yalitunza kumbukumbu. Pacha wa kwanza huitwa Kulwa, wa pili Doto, na mtoto anayewafuata huitwa Shija. Mabula ni mtoto wa wakati wa mvua. Ukiita jina, unakumbuka habari.

Sisemi turudie kila jambo la kale. Mambo mengine ya kale ni mabaya. Katika mikoa yetu ya ziwa, bibi vizee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, eti kwa sababu macho yao ni mekundu. Macho hayo yameharibiwa na moshi wa kuni za miaka mingi, walipokuwa wakitupikia sisi. Imani hiyo tuitupe kabisa. Lakini fikiri jambo moja. Mjukuu aliyekula na bibi yake, akasikia hadithi zake, hakubali upesi kwamba bibi huyo ni mchawi. Asiyemjua bibi yake ndiye anayedanganyika. Basi siku ya kumtembelea bibi si mchezo. Inaweza kuokoa maisha.

WANAOPINGA WANASEMAJE?

Wako wanaosema, "Sherehe ni gharama." Ni kweli, sherehe nyingine zimewatia watu katika madeni. Lakini siku ya nyumba si arusi. Haihitaji sare, wala muziki wa kukodi, wala kadi za michango. Ugali wa mhogo na sato mmoja vinatosha. Michembe na chai vinatosha. Desturi inayohitaji mkopo haitadumu.

Wako wanaosema, "Sisi tuna dini mbalimbali." Hilo si kizuizi. Wa Idi amwalike wa Krismasi, na wa Krismasi amwalike wa Idi. Siku ya kumkumbuka babu ni ya wajukuu wote.

Wako wanaosema, "Baba ni mvuvi, hayupo nyumbani." Hili ndilo jambo kubwa, nami nalijibu hivi.

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi wengi hutumia taa za betri na za nguvu ya jua. Dagaa hufuata mwanga katika giza. Mbalamwezi ikiwaka sana, taa haina nguvu. Hapo wavuvi wa dagaa hupumzika siku kadhaa na kushona nyavu. Kumbe kila mwezi ziwa lenyewe linatoa likizo! Wengine humaliza likizo hiyo na fedha zote katika pombe. Afadhali jioni moja ya mbalamwezi iwe ya nyumba.

SIKU ZINAZOFAA

Kila nyumba ichague yenyewe. Mimi napendekeza hizi:

1. Jioni ya mbalamwezi, kila mwezi. Wote wale pamoja. Baba na mama waseme wamepata nini na wametumia nini. Watoto waseme wamejifunza nini. Mkubwa mmoja atoe hadithi.

2. Siku ya daftari, mwezi wa Januari, kabla shule hazijafunguliwa. Wazazi wakague madaftari ya mwaka uliopita pamoja na mtoto. Wampe mapya kwa mkono wao, na kumwambia wanatumaini nini.

3. Siku ya kwenda kwa bibi, mwezi wa Juni, shule zikifungwa. Ni wakati wa mavuno pia. Kama nauli haitoshi watoto wote, aende mmoja mwaka huu, na mwingine mwaka ujao.

4. Siku ya marehemu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu walikufa. Wengi walizikwa Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, na zaidi ya watu 200 walikufa. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimebeba watu kupita kiasi. Nyumba iliyopoteza mtu ataje jina lake siku ya kifo chake mmoja wa wakubwa, na watoto wasikie. Kisha waliohai waagane hivi: hatutapanda chombo kilichojaa kupita kiasi, wala hatutakwenda ziwani bila jaketi la kujiokolea. Hapo kumbukumbu inageuka kuwa ulinzi.

5. Siku ya kufunga mwaka, mwezi wa Desemba. Waandike nani amezaliwa, nani amefariki, nani ameoa au kuolewa.

NAMNA YA KUZITUNZA

Kuanza ni rahisi. Kutunza ndiko kugumu. Basi anza na siku moja tu. Itunze mwaka mzima, kisha ongeza ya pili. Usingoje fedha nyingi wala usingoje watu wote wawepo. Akikosekana mmoja, awekewe nafasi yake, jina lake litajwe, na siku iendelee.

Kila mtu awe na kazi. Mama asiachiwe kupika na kuosha vyombo peke yake, wakati wengine wanakaa. Siku ikiwa mzigo kwa mama, itakufa. Wavulana wateke maji, baba akaange samaki, wasichana nao wapate nafasi ya kuzungumza.

Tena iandikwe. Mwaka 1970 ulikuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima hapa Tanzania. Tangu wakati huo watu wazima wengi wamejifunza kusoma na kuandika katika madarasa kama hili letu. Kalamu hiyo isitumike kuandika majina ya wadeni tu. Nunua daftari moja, liite daftari la nyumba. Andika majina ya babu na bibi, vijiji vyao, na mahali walipozikwa. Andika siku zenu za mwaka na tarehe zake. Kama bibi hajui kuandika, yeye aseme, mjukuu aandike. Kichwa cha mzee hakidumu milele, lakini daftari likihifadhiwa vizuri litasomwa na wasiozaliwa bado.

Fedha za dagaa huja na kuondoka. Mtoto anayejua watu wake na siku zake hatapotea, hata akienda mbali.

TUJADILIANE DARASANI

1. Nyumba yako ina siku gani za mwaka? Nani alizianzisha?
2. Ni mila gani za zamani zinafaa kuachwa? Kwa nini?
3. Ungeanza na siku gani, na ingegharimu kiasi gani?
4. Andika katika daftari lako majina ya babu na bibi zako wote wanne. Kama hujui jina moja, nani anaweza kukuambia?