Pikipiki Iligoma, Mke Wangu Alijua Sababu

Mwezi huu nakuletea kisa changu mwenyewe, na nakiri mapema kwamba hakinipi sifa. Wapo kinababa watakaonicheka, lakini najua wengi wenu yamewakuta, ila tu hamsemi.

Desemba tulikwenda ukweni, Chilangala, wilayani Newala. Kwa wasiofika huko, ni juu kwenye uwanda wa Wamakonde, nchi ya mikorosho na barabara za mchanga. Ardhi ya kule hainywi maji kidogo. Mvua ikinyesha yanazama chini kabisa, na chemchemi zinapatikana huko mabondeni. Ndiyo maana nyumba nyingi zina kisima cha kukingia maji ya mvua, na dumu tupu ni mali. Naomba ulikumbuke hilo dumu.

Shemeji yangu ana pikipiki yake ya kawaida, injini ndogo ya kabureta. Siku ya tatu, jioni, alirudi toka Newala mjini na lita tano za petroli kwenye dumu la njano. Mke wangu, aliyekuwa anapepeta mchele, akauliza, "Hivi lile dumu si lilikuwa la maji asubuhi?"

Nikamjibu bila hata kugeuka, "Mama watoto, haya tuachie wanaume." Nikamimina mafuta yote kwenye tenki.

Saa sita usiku tukaamshwa. Mama mkwe alikuwa na homa kali, anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta. "Mwanangu, sijiwezi," akaniambia. Gari la kukodi halikupatikana usiku ule, ikabidi tumpeleke hospitali kwa pikipiki.

Shemeji akapiga kiki, ikawaka mara moja. Ikatembea hatua kama hamsini, ikazima. Tangu hapo, kiki hamsini, kimya!

Hapo ndipo nikajifanya fundi. Nikatoa plagi, nikaisugua, nikairudisha. Wapi! Nikaweka plagi ya akiba. Wapi! Nikatangaza kwamba mfumo wa umeme umekufa, tukaamshe fundi kijiji cha pili. Muda wote huo mke wangu kanishikia tochi, na mimi namfokea mbele ya kaka yake, "Shika vizuri bwana, unamulika nini?" Akanyamaza. Wenye ndoa mnaujua ule ukimya.

Lisaa limoja na nusu likapita. Mama ndani anaguna. Ndipo mke wangu akasema kwa sauti ya chini, "Mume wangu, nakuomba ufungue tu pale chini ya kabureta, uyaangalie mafuta yenyewe."

Shemeji akachukua bisibisi, akalegeza ile skrubu ya kumwagia mafuta, tukakinga kwenye glasi. Tukamulika. Chini ya glasi kulikuwa na matone ya duara yanayoteleza kama shanga. Maji! Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yanakaa chini, na chini ndiko injini inakonyonya. Ile mara ya kwanza iliwaka kwa sababu kwenye kabureta kulibaki mafuta ya zamani. Yalipokwisha, ikaanza kunyweshwa maji.

Tukamwaga tenki lote, tukasafisha kabureta, tukagonga kwa jirani anayeuza petroli ya chupa. Kiki ya nne ikanguruma. Shemeji akaendesha, mama katikati, mke wangu nyuma kamshikilia. Mishikaki, najua sheria inakataza, lakini usiku ule hatukuwa na lingine. Vipimo vikaonyesha malaria, akatundikiwa dripu. Muuguzi wa zamu akasema tumefanya vizuri kutongoja asubuhi. Mimi nilibaki nyumbani nimekaa kizingitini, nikilihesabu lile lisaa na nusu.

Sasa msomaji, yasikukute. Injini ndogo inahitaji vitu vitatu tu: mafuta, cheche na hewa inayogandamizwa vizuri. Iwe bodaboda, iwe zile pikipiki za magurudumu manne wanazoendesha watalii ufukweni, kama ni ya kabureta ukoo wake ni mmoja. Anza na vya bure kabla ya vya gharama.

Kwanza, angalia swichi nyekundu ya kuzimia kwenye usukani na koki ya mafuta. Utashangaa wangapi wamesukuma pikipiki kilometa mbili kumbe koki imefungwa.

Pili, ikiwaka ikatembea kidogo ikazima, fungua mfuniko wa tenki. Ukisikia hewa inaingia "sss", halafu ikawaka tena, basi katundu ka kupumulia kwenye mfuniko kamezibwa na vumbi. Kasafishe, mchezo umekwisha.

Tatu, toa plagi uitazame. Ikiwa kavu kabisa baada ya kiki nyingi, mafuta hayafiki. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika ila hayachomwi, au umeyazidisha kwa choki. Hapo irudishe, funga choki, vuta akseleta mpaka mwisho, piga kiki kadhaa. Ikiwa na masizi meusi, chungulia chujio la hewa. Kwa vumbi letu huwa limeziba.

Nne, ikiwa imeegeshwa wiki nyingi na sasa inawaka kwa choki tu, ukiondoa inazima, petroli imekauka na kuacha utando kwenye matundu madogo ya kabureta. Mpe fundi aisafishe. Unapoiegesha muda mrefu, funga koki uimwage kabureta.

Tano, jihadhari na mafuta ya kuchakachua. Petroli iliyotiwa mafuta ya taa huleta moshi, nguvu hupungua na kuwasha huwa shida. EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili kuua tamaa hiyo. Hata hivyo, petroli ya chupa imulike kwenye mwanga kabla ya kumimina.

Na usalama: fanya haya injini ikiwa imepoa, mbali na sigara, kibatari na jiko la mkaa. Usifyonze petroli kwa mdomo na mpira. Ikiingia kwenye mapafu ni hatari kubwa.

Lakini hitilafu kubwa usiku ule haikuwa ya pikipiki. Jibu la bure lilikuwepo tangu jioni, tena limesemwa wazi, ila mimi niliona limetoka mdomo usiostahili kujua mambo ya injini. Ndugu yangu, mwenzako akikuambia jambo, lipime kwa ukweli wake, usilipime kwa nani kalisema.

Asubuhi waliporudi nilimwomba mke wangu radhi. Sikumwomba chumbani. Nilimwomba uani, mbele ya shemeji, maana ndipo nilipomfokea. Hakusema mengi. Alichukua rangi nyekundu, akalipaka lile dumu, akaandika PETROLI kwa herufi kubwa.

Mama mkwe alipopona akalitazama dumu, akanitazama na mimi, akacheka. "Mkwe wangu, sasa je, unasikia?"

Nasikia, mama.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.