Mshipa Upi? Kiswahili na Maradhi ya Kurithi Kwale

Katika mijadala ya istilahi, wapenzi wa Kiswahili tumezoea kujivunia wingi wa maneno mapya. Makala haya yanashikilia kwamba yapo maneno ya zamani, tena ya kawaida kabisa, yanayostahili kushughulikiwa kwanza. Nitatumia mfano wa maneno mawili, mshipa na kurithi, yanavyohusu wagonjwa wa selimundu katika Kaunti ya Kwale, kutoka Diani hadi Msambweni.

Selimundu si mgeni Pwani. Mwaka 1949 Anthony Allison, mtafiti aliyelelewa Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi. Alibaini kuwa hali hii imeenea Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni haba katika nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha sababu yake: anayepata jeni moja tu ya selimundu hukingwa dhidi ya malaria kali. Anayepata mbili huugua. Seli zake nyekundu hujipinda mfano wa mundu, hukwama katika mishipa midogo ya damu na kudhuru kuta zake. Matokeo yake ni maumivu makali, na wakati mwingine kiharusi, hata kwa mtoto mdogo.

Jina selimundu limeundwa vyema, kwani mundu unajulikana. Kasoro imo katika maelezo. Mama akiambiwa kuwa maradhi ya mwanawe "yanaziba mishipa", ataelewa nini? Mshipa ni njia ya damu. Mshipa ni neva. Mshipa pia ni ngiri au busha. Isitoshe, Kwale ni miongoni mwa sehemu ambazo matende na mabusha yamewasumbua watu kwa miaka mingi. Mhudumu asiyetaja damu humwachia mama huyo kazi ya kukisia.

Neno kurithi lina uzito zaidi. Kwa mazoea yetu, mtu hurithi kutoka kwa aliyekuwa nacho: shamba la minazi, nyumba, jina. Basi mtoto akisemwa amerithi maradhi, ukoo utauliza, karithi kwa nani? Baba mzima, mama mzima. Ni rahisi lawama kumwangukia mama, au pepo. Ilhali ukweli ni kwamba kila mzazi alitoa jeni moja. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa 1 kwa 4 wa kuzaa mtoto mgonjwa. Lugha inayoficha jambo hili inaweza kuvunja nyumba.

Utata huu hauishii kwa selimundu. Homosistinuria, maradhi adimu yaliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1962, hurithiwa vivyo hivyo kutoka kwa wazazi wazima. Mwili hushindwa kubadili homosisteini, nayo hujaa katika damu, ikidhuru mishipa na kuigandisha damu mapema. Mhudumu atakayeyaeleza kwa Kiswahili atakutana na mshipa na kurithi vilevile.

Dawa zipo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, ambao Kilifi ilishiriki pamoja na vituo vya Angola, Kongo na Uganda, ulionyesha kuwa haidroksiurea hupunguza maumivu na vifo vya watoto wenye selimundu. Lakini dawa ya kila siku humhitaji mzazi anayeelewa kwa nini anaitoa hata siku ambayo mtoto anacheza.

Kwa hivyo napendekeza idara zetu zihimize tasnifu kuhusu mazungumzo ya hospitalini, na watafiti wasikilize Kidigo na Kiduruma kabla ya kufungua kamusi. Tuseme "mishipa ya damu" daima. Tuseme "kila mzazi ametoa nusu" kabla ya kusema "amerithi". Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo kitamuumbua. Asiyekuwa na neno la kuyataja huyaficha bila kukusudia, na neno hilo ni deni letu sisi wanafunzi wa lugha.