Pikipiki ya umeme: uliza kwanza betri ni ya nani

Vijana wa bodaboda wa Kulamawe, Isiolo, wananiuliza swali lile lile la wenzao wa Mombasa: pikipiki ya umeme tununue kwa pesa taslimu au kwa mkopo? Mimi huwarudishia swali: betri itakuwa ya nani?

Betri ndiyo inayopandisha bei. BasiGo walipoanza mabasi ya umeme Nairobi mwaka 2022, mwenye matatu alinunua basi bila betri, kisha akalipia betri na chaji kwa kila kilomita. Kwa Ampersand, pikipiki ni ya mwendeshaji lakini betri ni ya kampuni. Ikiisha chaji, anabadilishiwa kituoni. Malipo ya kwanza yanapungua, na betri ikichoka hasara si yako.

Lakini mpango huo unasimama juu ya kituo. Chaji ikikuishia kati ya Isiolo mjini na Kulamawe, utasukuma, na deni la siku halijui kama ulipata abiria.

Sheria ya Fedha ya 2023 iliondoa mzigo wa VAT kwa pikipiki za umeme, na EPRA ikaweka bei maalumu ya umeme wa kuchaji magari. Ni nafuu, ila haijengi kituo.

Kwa hivyo, penye vituo, kodi betri. Penye soketi ya nyumbani tu, nunua pikipiki na betri yake, taslimu, hata kwa kuchangishana chamani. Ukilazimika kukopa, uliza kabla ya kutia sahihi: nikikosa kulipa siku ngapi, mnaizima?