Sindano Humchoma Pia Mwuguzi

Mara nyingi katika ukurasa huu tunazungumza juu ya afya ya mgonjwa. Mwezi huu tuzungumze juu ya yule anayemhudumia mgonjwa. Mwuguzi ni mfanyakazi, na kazi yake ina hatari zake kama ilivyo kazi ya mchimba madini.

Wauguzi huumia mgongo kwa kuinua wagonjwa. Hukesha zamu za usiku. Huvuta hewa ya wodi yenye wagonjwa wa kifua kikuu. Leo tutachukua hatari moja tu, nayo ni ya kuchomwa na sindano iliyokwisha kutumika.

Jambo hili hutokeaje? Ni usiku, mwuguzi yuko peke yake wodini. Anamchoma mtoto sindano. Mtoto anarusha mkono, na ile sindano iliyotoka mwilini mwa mtoto inamchoma mwuguzi kidoleni. Au mwuguzi amemaliza kazi, anarudisha kifuniko cha sindano kwa mikono miwili. Mkono unateleza. Ajali hii ya pili inaudhi zaidi, maana inaepukika. Sindano iliyotumika hairudishiwi kifuniko. Hutupwa papo hapo, pamoja na bomba lake, katika sanduku gumu la sindano. Sanduku likijaa robo tatu, lifungwe. Anayeshindilia sindano katika sanduku lililojaa anatafuta kuchomwa.

Tundu ni dogo, lakini damu ya mtu mwingine imeingia. Tuseme wauguzi 1,000 wamechomwa na sindano zenye damu ya watu wenye virusi vya UKIMWI, na hawakupata dawa. Kwa wastani, 3 kati yao wataambukizwa. Homa ya ini ya aina B ni kali kuliko hapo. Kwa wasiochanjwa, wanaoambukizwa wanaweza kufika hata 300 katika 1,000. Watu huogopa UKIMWI tu, wakasahau ini.

Homa hiyo ya ini ina chanjo. Mtu mzima huchanjwa mara 3. Chanjo ya pili hutolewa mwezi 1 baada ya ile ya kwanza, na ya tatu miezi 6 baada ya ya kwanza. Tanzania ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 2002. Kwa hiyo mwuguzi aliyezaliwa kabla ya mwaka huo hakuipata utotoni. Aulize kazini kwake, na asikubali kuambiwa asubiri tu.

Mwuguzi aliyechomwa aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka. Asiminye kidole, asikinyonye, wala asitie dawa ya kung'arishia nguo. Kisha amweleze mkubwa wake wa kazi mara moja. Yeye apimwe, na mgonjwa naye aombwe apimwe. Zipo dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI visishike mwilini. Ni vizuri zianze katika saa chache za mwanzo, na zisipite saa 72, yaani siku 3. Humezwa kwa siku 28.

Lakini wauguzi wengi hunyamaza. Wengine huona haya. Wengine huogopa kuulizwa, "Kwa nini hukuwa mwangalifu?" Mkubwa wa kazi anayemkaripia mwuguzi aliyechomwa anafanya kosa kubwa, maana kesho mwingine atachomwa na atajificha mpaka siku 3 zipite. Tena ajali isiyoandikwa ni vigumu kuithibitisha baadaye. Tanzania ilitunga sheria ya fidia kwa wafanyakazi mwaka 2008. Sasa mwuguzi aliyeugua kwa ajili ya kazi ataonyesha nini, kama daftari halina jina lake?

Sisi wananchi tunahusika pia. Wako wagonjwa wanaodhani kwamba bila sindano hawajatibiwa. Humbembeleza mwuguzi, na wengine humgombeza. Tangu mwishoni mwa mwaka 2006, malaria isiyo kali hutibiwa nchini Tanzania kwa vidonge vya dawa mseto. Anayeweza kumeza, ameze. Kila sindano isiyo ya lazima ni nafasi nyingine ya kumwumiza mtu.

Mtoto akichomwa sindano, mzazi amshike sawasawa mikono na miguu, wala asimwachie mwuguzi kazi zote mbili.

Mgonjwa wa kisukari anayejichoma mwenyewe nyumbani asitupe sindano jalalani wala chooni. Azitie katika chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, na ikikaribia kujaa aipeleke zahanati. Watoto wakiona sindano njiani wasiiguse, bali wamwite mtu mzima.