Jina la Eneo Si Ushahidi

Soma makala yoyote ya utafiti wa ubongo uliofanywa kwa picha za MRI na utakutana na jedwali lile lile: namba tatu za mahali, x, y na z, kando yake nguvu ya kitakwimu, mwisho kabisa safu ya majina. "Brodmann 44, kushoto." "Amigdala, kulia." Wasomaji huishika safu hiyo ya mwisho kuliko nyingine zote, nayo ndiyo iliyo dhaifu kuliko zote. Wanaoitetea wana hoja zao, na zinajibika.

Hoja ya kwanza ni kwamba programu ikishataja Brodmann 44, basi ni Brodmann 44. Hapa inabidi turudi nyuma kidogo. Korbinian Brodmann, katika kitabu chake cha 1909, aligawa gamba la ubongo kwa kuchunguza chini ya hadubini jinsi seli zilivyojipanga katika matabaka. Mipaka yake ni mipaka ya seli, na MRI ya kawaida haioni seli hata moja. Mchoro wake maarufu nao unaonyesha sehemu za nje zinazoonekana tu, ilhali sehemu kubwa ya gamba imejificha ndani ya mikunjo.

Mwaka 1988 Jean Talairach na Pierre Tournoux walichapisha atlasi, yaani ramani ya ubongo, iliyozieneza namba za Brodmann katika maabara za picha. Iliegemea ubongo wa maiti mmoja, mwanamke wa miaka 60. Seli za ubongo huo hazikupimwa. Waandishi waliitazama mikunjo yake, wakailinganisha na mchoro wa Brodmann, wakakadiria. Wenyewe hawakuficha kwamba ni makadirio. Baadaye makadirio hayo yaligeuzwa kuwa faili, na kompyuta haina desturi ya kusema "pengine".

Atakayejibu kwamba mikunjo inatosha kuonyesha mipaka ya seli, asome kazi ya Katrin Amunts na wenzake, ya 1999. Walipima chini ya hadubini eneo la 44, sehemu ya eneo la Broca linalohusishwa na lugha, katika ubongo wa watu 10. Ukubwa wake ulitofautiana kati ya mtu na mtu hadi kufikia mara 10, na mipaka yake haikufuata mikunjo kwa namna ya kutegemewa. Ukiandika "Brodmann 44" kwa kutazama picha tu, unabahatisha.

Hoja ya pili ni kwamba hayo ni ya zamani, siku hizi tunatumia kiolezo cha Montreal, MNI152, yaani ubongo wa mfano ambao picha za washiriki hulinganishwa nao. Ni kweli, MNI152 ni wastani wa picha za watu 152, si ubongo wa bibi mmoja. Lakini kiolezo hicho ni kikubwa kuliko ubongo wa Talairach, kwa hiyo namba zile zile tatu hukupeleka mahali tofauti, pengine kwa milimita kadhaa, na hali huwa mbaya zaidi ukikaribia kingo. Bado wapo wanaochukua namba za Montreal na kuzitafutia jina kwenye jedwali la Talairach bila kuzigeuza. Na atlasi ya AAL, iliyotolewa na Wafaransa mwaka 2002 na kutumika kila kona ya dunia, ilichorwa juu ya ubongo wa mtu mmoja aliyepigwa picha mara 27. Kurudia kulisafisha picha, hakukuongeza watu. Isitoshe, watafiti wa Hyderabad, India, walipotengeneza kiolezo chao mwaka 2019 waliona kuwa ubongo wa wastani wa Wahindi waliowapima ni mdogo kuliko ule wa violezo vya Magharibi. Mtafiti wa Nairobi au Dar es Salaam hilo linamgusa: kabla ya kusoma jina lolote, afungue picha za washiriki wake, mmoja mmoja, aone kama kweli zimelingana na kiolezo.

Hoja ya tatu: kilele, yaani nukta yenye ishara kali kuliko zote, kimeangukia ndani ya eneo, basi eneo limepatikana. Tuseme kundi la vokseli 400, yaani vijimchemraba vinavyounda picha, kila kimoja na upande wa milimita 2. Hiyo ni sentimita za ujazo 3.2, baada ya picha kulainishwa kwa milimita 8 hivi. Kundi la namna hiyo laweza kugusa maeneo matatu au manne ya atlasi. Na kama jaribio la kitakwimu lilihusu kundi zima, linachosema ni kwamba ishara imo mahali fulani humo ndani, si kwamba imo penye kilele. Jedwali likitaja jina moja tu, limenyamazia mengine.

Ya nne haihitaji maneno mengi. Amigdala, sehemu inayohusishwa na hofu, imewaka, kwa hiyo washiriki waliogopa? Amigdala huwaka pia kwa zawadi, kwa sura mpya, kwa jambo lolote lenye uzito. Russell Poldrack aliandika kuhusu kosa hili mwaka 2006, na bado tunalisoma.

Kuna na wenye hasira wanaotaka atlasi zitupwe zote. Nao wanakosea. Bila mfumo mmoja wa namba, matokeo ya Tokyo na ya London hayawezi kuwekwa pamoja. Mtafiti anayetaja eneo lake kabla ya kuona data, akalitumia kama lilivyo, anajizuia kuchagua matokeo yanayompendeza. Tena ziko ramani zinazosema ukweli zaidi: zile za Jülich, Ujerumani, zilizojengwa kwa kupima seli za watu kadhaa, hutoa uwezekano. Nukta fulani ilikuwa eneo la 44 katika asilimia 40 ya watu, tuseme, na eneo la 45 katika asilimia 30. Jibu la namna hiyo halipendezi kwenye kichwa cha makala, lakini ndilo linaloweza kutetewa.

Kwa hiyo wewe unayepitia makala za wenzako, usipitishe jedwali lisilotaja kiolezo, atlasi na toleo lake, namba tatu za kila kilele, na majina yote ambayo kundi limegusa. Na pasipo hadubini wala ramani ya uwezekano, mwombe mwandishi afute "Brodmann" na aandike jina la mkunjo.